UZI MAALUM: El Camino na Ranchero zinazouzwa Marekani, zilizobaki orijino na miradi iliyokwama. Kagua hivi kabla hujatoa pesa

Mnyoosha Bodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu nilipogusia hizi pikapu kwenye ule uzi wa magari ya zamani, watu wamekuwa wakinifuata pembeni na maswali yaleyale. Nimeona bora nifungue uzi wake, kila mtu asome hapahapa.

Mimi niko Phoenix, Arizona. Kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi. Hizi gari zinaingia gereji kwetu, na kuna watu walio mbali huwa wananituma nikawakagulie kabla hawajatuma pesa.

Kwa wasiozijua: mbele ni gari ya kutembelea, nyuma ni bodi la mzigo, na vyote ni bati moja. Kibini haijatengana na bodi kama kwenye Hilux. Ford ndiye aliyeanza mwishoni mwa 1956 kwa Ranchero ya toleo la 1957. Alichukua steshenwageni yake ya milango miwili, akaondoa paa la nyuma, akaweka sakafu ya mzigo. Mwaka ule wa kwanza zilitoka zaidi ya 21,000. Chevrolet akajibu 1959 na El Camino, ile ndefu yenye mabawa yaliyolala nyuma. Ikauza 22,000 na ushee, mwaka uliofuata ikashuka mpaka 14,000, wakaifuta. Ford akawahi kuihamishia Ranchero kwenye Falcon mwaka 1960, gari ndogo ya bei nafuu, akala soko peke yake. Chevrolet alirudi 1964 na El Camino iliyojengwa juu ya Chevelle, gari yake ya kutembelea, na kuanzia hapo hadi 1972 ndizo watu wanazipigania leo. Ranchero iliisha 1979, El Camino 1987. GMC, ndugu wa Chevrolet ndani ya kampuni ya GM, naye alikuwa na pacha wa El Camino: Sprint ya 1971 hadi 1977, kisha Caballero. Pacha hizo ni chache, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui alichonacho, kwa hiyo macho yawe wazi.

Sasa niseme langu. Mnunuzi akifika kwa muuzaji anakimbilia boneti. Injini inanguruma, anatabasamu, mkono unaingia mfukoni. Injini ya Chevrolet V8 (silinda nane) ukiikosa leo utaipata kesho, spea zake zimejaa kila mtaa. Bati la El Camino ndilo litakalokufilisi, na habari zake zote ziko nyuma. Mimi naanzia kwenye bodi la mzigo, boneti naifungua mwisho kabisa.

Sababu ni hii. Kwa kuwa gari ilitokana na steshenwageni, chini ya sakafu ya mzigo bado kuna yale mabonde ambapo abiria wa nyuma wangeweka miguu. Kwenye El Camino za 1964 hadi 1972 kuna kipande cha sakafu upande wa mbele wa bodi, jirani na kibini, kimefungwa kwa skrubu. Ukikifungua unakutana na uvungu mkubwa ambao Wamarekani wanauita sanduku la magendo. Maji ya mvua yanaingia humo, majani yanaingia, vumbi linaingia. Kutoka hakuna anayekumbuka.

Kuna moja ya 1969 nilitumwa kuikagua hapa jirani. Nyekundu, inang'aa, rimu mpya, muuzaji anataka dola 18,500. Nikamwomba ruhusa ya kufungua kile kipande. Akasita. Skrubu mbili zilikatika vichwa kabla hazijazunguka. Ndani kulikuwa na tope kavu lililoshikana na majani, na nilipolikwangua kwa bisibisi, bisibisi ikapita bati ikagusa hewa ya upande wa pili. Bonde la upande wa dereva lilikuwa limezibwa kwa bati la kibao cha barabarani, herufi bado zinasomeka, juu yake wamemwaga lami nyeusi. Hapo mtu alishapiga rangi ya maelfu ya dola juu ya gari isiyo na tumbo.

Wiki hiyohiyo niliona ya 1966, rangi ya bluu imechujuka mpaka praima inachungulia, kiti kimepasuka, dashibodi ina nyufa. Kuta za bodi zimebonyea kwa ndani mahali ambapo mtu alikuwa akirusha mabomba miaka nenda miaka rudi. Kipande cha sakafu kilifunguka kwa mkono. Chini bati kavu, praima ya kiwandani ipo, hata michirizi ya gundi ya kuzuia maji iliyopakwa kiwandani inaonekana. Nilimpigia mteja wangu nikamwambia aichukue kabla jua halijazama.

Mambo mengine ninayoyatazama, bila mpangilio maalum:

Pembe za chini za kioo cha nyuma. Bonyeza kwa kidole gumba. Zikilia kama karatasi, kioo kinatoka na kazi ya kuchomelea inaanza. Gari ikiwa na paa la vinili, ogopa mara mbili, maana maji hukaa chini ya vinili na bati linaoza bila mtu kuliona.

Mlango wa nyuma wa bodi una bati mbili, chini kuna matundu ya kutolea maji. Yakiziba, unaoza kutoka ndani.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pitisha juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na sehemu ya chini ya milango. Ikidondoka, hapo ni puti, si bati.

Vichwa vya boliti za mabawa ya mbele na bawaba za boneti. Gari ambayo haijaguswa, rangi kwenye hizo boliti haijavunjika. Ukiona alama za spana, kuna kitu kilitolewa. Si dhambi, ila muuzaji akueleze ni kwa nini.

Na bodi la mzigo lisilo na mkwaruzo hata mmoja, uliza. Hizi zilikuwa gari za kazi. Ama mwenyewe hakuwahi kupakia kitu, ama sakafu imebadilishwa. Vyote vinawezekana, lakini vina bei tofauti.

Karibuni, ulizeni.

Kapteni Lumbesa

Siti ya mbele nimekalia, nimekuja na kahawa kabisa.

Mkuu, mimi ni mtu wa mizigo hapa Dar. Hicho kitu kinabeba kilo ngapi? Maana naona kizuri cha kupeleka bibi harusi ukumbini.

Mnyoosha Bodi

Kapteni, Ranchero ya Falcon kiwanda kiliipa ratili 800, yaani kama kilo 360. Kwa hesabu yenu ya lumbesa ni magunia matatu, la nne utaling'ang'ania na trafiki. El Camino nyingi za miaka ya 60 zilitoka kiwandani na shokapu za upepo nyuma. Kuna kivalvu kama cha tairi, ukipakia unajaza upepo, nyuma inanyanyuka. Ukikagua gari na ukakuta mipira ya upepo ule bado ipo imechoka hivyohivyo, ujue mafundi hawajaingia sana huko chini.

Mzee wa Grogan

Wadau, huku Nairobi tulikua na zetu. Pikapu iliyozaliwa na saluni kwetu ni Peugeot, 404 halafu 504. Zilibeba kabichi kutoka Kinangop, mirungi kutoka Meru, na zingine zikafungwa mabenchi nyuma zikawa matatu, abiria wanaangaliana magoti kwa magoti. Hakuna mtu aliziita za kifahari.

Nauliza: nikinunua hiyo El Camino huko, naweza kuiteremsha Mombasa?

Mnyoosha Bodi

Mzee wangu, shikamoo. Kwa Kenya njia imefungwa mara mbili. Gari la kuingiza lisizidi miaka 8, na usukani wa kushoto haukubaliki kwa gari la kawaida. El Camino ya mwisho ni ya 1987 na zote ni usukani wa kushoto. Tanzania umri peke yake haukuzuii, ila kuna ushuru wa uchakavu unaopanda na umri wa gari. Ongeza meli, ongeza bandari. Mtu akikuambia ana njia ya mkato, mwachie njia yake.

Kama unataka kulisha macho, nenda Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance. Za zamani zilizotunzwa zinapangwa pale kwenye nyasi na waamuzi wanapita na karatasi zao.

Mzee wa Grogan

Marahaba. Basi nitabaki na 504 yangu, inawaka asubuhi na haina maneno.

Pesa Mbele

Niko Houston, nanunua na kuuza magari ya zamani. Niseme ukweli hata kama utawauma. Hii habari ya "haijaguswa" ni uvivu uliopewa jina zuri. Gari imechujuka, kiti kinatoa sponji, harufu ya panya, halafu muuzaji anaandika "orijino" na kuongeza dola 5,000. Mimi nikichukua gari natoa kila kitu, naipiga rangi, naweka injini mpya, naweka eisii. Mteja anataka kupanda na mkewe wakale aiskrimu. Hataki makumbusho.

Mnyoosha Bodi

Mkuu, rangi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo siwezi kuitukana. Lakini tazama hesabu. Chukua El Camino ya 1982 yenye V6. Kunyoosha, kupiga rangi, kuvisha upya viti, na kuchovya kromu ambayo siku hizi bei yake imepanda kama moshi, ukimaliza umeshapita thamani ya gari yenyewe, na mnunuzi bado hajui chini ya rangi kuna nini. Ileile ikiwa na rangi ya kiwandani iliyochoka, anaona bati lote kwa macho yake. Hiyo rangi iliyochoka ndiyo ushahidi kwamba hakuna kibao cha barabarani kilichochomelewa sakafuni. Mnunuzi analipia kuona.

Kwa gari nyingine nakubaliana nawe. Ikiwa mtu alishaipaka rangi mara tatu na sakafu imekatwa, hapo hakuna cha kutunza. Vua kila kitu, ijenge unavyotaka, weka na eisii.

Na kwa kuwa umegusa "orijino": kuna wajanja wanatengeneza uchakavu. Wanasugua rangi mpya kwa msasa mpaka praima, wanaweka siki au maji ya chumvi bati lishike kutu kidogo, halafu wanapulizia vanishi juu ili isiendelee. Picha zinapendeza sana. Dawa yake ni kufikiria jua. Jua linakula kutoka juu: paa, boneti, mgongo wa kuta za bodi. Mkono unakula sehemu zake: pembeni mwa kitasa, na juu ya mlango pale dereva anapolaza kiwiko. Ukikuta uchakavu uko chini ya mlango mahali jua halifiki, na pale pa kiwiko pamebaki pazuri, hapo kuna msanii. Fungua mlango utazame fremu yake, wengi hawafiki huko.

Pesa Mbele

Hapo kwenye vanishi umenena. Nimeshauziwa moja ya hivyo, kuku wangu nikauziwa mwenyewe. Ila bado nasema wengi wenu mnapenda kutu kuliko gari.

Sauda Spana

Hodi humu. Nimefurahi kuona uzi wa vyuma.

Niongeze kitu ambacho mwenye uzi amekiruka, hizi SS, yaani Super Sport, toleo la nguvu. Mtu akiona El Camino SS ya 1970 anafikiria ile injini ya inchi za ujazo 454 iitwayo LS6, nguvu farasi 450, ambayo iliwekwa kwenye Chevelle na El Camino mwaka huo mmoja tu. Basi kila mwenye El Camino ya 1970 amenunua beji za SS na kuzibandika. Beji ni bei ya chakula cha mchana.

Namba ya gari inasaidia kwa baadhi ya miaka na miaka mingine haisaidii. Mwaka 1968 SS 396 (hiyo 396 ni ujazo wa injini) ilikuwa modeli yake yenyewe, namba inaanza na 13880. Ikianza na 13680 ni Malibu ya V8, si SS, na beji zote za dunia haziibadilishi. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha kuagiza, namba ya gari haionyeshi tena. Hapo unatafuta ile karatasi ya kiwandani ya oda, ambayo hubaki juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti, panya wakiwa wameiachia. Mwaka 1972 mambo yanarudi kuwa mepesi: herufi ya tano kwenye namba ikiwa W, gari ilizaliwa na 454, na 454 mwaka huo ilikuja na SS tu.

Na msishangae ukipima SS 396 ya 1970 ukakuta ni inchi za ujazo 402. Kiwanda kiliongeza ujazo na kuacha jina la zamani. Hujaibiwa.

Mnyoosha Bodi

Dada Sauda, heshima kwako. Kwa upande wa Ranchero mambo ni rahisi zaidi. Ford waliruhusu kumbukumbu zao za uzalishaji kuanzia toleo la 1967 zitumike, na Marti Auto Works wanakuuzia ripoti ya gari yako: rangi ipi, injini ipi, iliagizwa na vitu gani. Chevrolet za Marekani hazina kitu cha namna hiyo. Zilizouzwa Kanada zikiwa mpya, GM ya kule hutoa kumbukumbu zake, ndiyo maana El Camino iliyouzwa Kanada yenye karatasi hugombaniwa hata ikiwa mbaya.

Kapteni Lumbesa

Sasa kama zilikuwa nzuri hivyo kwa nini walizifuta? Toyota haifuti kitu kinachouzwa.

Sauda Spana

Kapteni, pikapu ndogo ziliwala. Wajapani walileta zao, halafu Chevrolet wenyewe wakatoa S-10 kwenye toleo la 1982 na Ford wakatoa Ranger. Bei ndogo, mafuta kidogo, mzigo sawa au zaidi. El Camino ikabaki gari ya mtu anayeipenda. Ranchero yenyewe ilikuwa imeshakufa pamoja na LTD II, gari ya Ford ambayo ilijengwa juu yake.

Na kuhusu hizo pikapu za Wajapani kuna kisa cha kuku. Ulaya iliweka ushuru mkubwa kwa kuku wa Marekani, Marekani nayo ikajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, tangu 1964 hadi leo upo. Subaru walipotaka kuingiza kipikapu chao, BRAT, wakafunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi la mzigo, vinatazama nyuma, ili forodhani kiitwe gari la abiria. Ronald Reagan alikuwa na moja ya 1978 kwenye shamba lake California.

Mzee wa Grogan

Viti kwenye bodi, abiria hewani! Kumbe Wajapani walijifunza matatu kwetu.

Mwana wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Iowa, ni mtu wa Kongo, nafanya kazi kiwanda cha nyama. Nasoma huu uzi tangu jana usiku sijalala.

Kuna mzee hapa kijijini, mkulima, ana Ranchero ya 1964 ndani ya ghala lake la mahindi. Nyeupe, silinda sita, gia tatu za kwenye usukani. Anasema imelala humo tangu mtoto wake aende jeshi, na huyo mtoto sasa ana wajukuu. Anataka dola 3,200. Mataa yapo, vioo vyote vipo isipokuwa cha nyuma kina ufa. Karatasi ya umiliki anasema iko "mahali fulani". Bati kwa nje naliona zuri, lakini hapa wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha theluji na naogopa. Nifanye nini?

Mnyoosha Bodi

Ndugu yangu, karibu sana. Kwanza karatasi. Usitoe hata dola moja kabla hajaipata, na ukiipata linganisha namba yake na ile iliyo kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Iowa mambo ya hati yanashughulikiwa na ofisi ya mweka hazina wa kaunti, nenda uwaulize kabla, si baada. Kuna utaratibu wa kuweka dhamana kwa gari lililopoteza hati, lakini una gharama na muda, na hiyo gharama inatoka kwenye bei ya mzee.

Pili, elewa kwamba ya kwako si El Camino. Ranchero ya 1964 ni Falcon, na Falcon haina chasisi iliyojitenga. Sakafu, mabawa na vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyoshika gari isikunjike. El Camino iliyooza sakafu bado imesimama juu ya chasisi yake. Falcon iliyooza sakafu, ukifungua milango yote miwili inaweza kukataa kufunga tena. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza: fungua, funga, tazama kama mlango unashuka.

Kipimo cha pili ni maji. Falcon za miaka hiyo, na Mustang zilizozifuata, zina tundu za hewa chini ya kioo cha mbele, na bati la ndani pale huoza. Chukua ndoo, mwaga maji taratibu kwenye zile tundu, mtu mwingine alale ndani atazame chini ya dashibodi kwa tochi. Maji yanatakiwa yatoke nje nyuma ya mabawa ya mbele. Yakidondokea kwenye miguu, kazi ya kulipata lile bati ni kuchimbua vipande vilivyochomelewa vya mbele ya kioo. Inafanyika, nimeifanya, lakini haifanyiki kwa bei ya wikendi.

Chumvi usiiogope sana kwa hii. Gari iliyolala ghalani tangu zamani haijala chumvi ya miaka yote hiyo. Panya na unyevu wa sakafu ya udongo ndio wa kuwaogopa. Pitisha mkono juu ya vizingiti kwa chini.

Sauda Spana

Kaka wa Uvira, mimi nakuomba kitu kimoja: mzee asikuwashie. Najua atataka, ataleta betri na kopo la petroli, wanapenda kuonyesha. Injini iliyolala hivyo, pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kuta, ukiipiga stata unavunja ringi kwa sekunde mbili.

Toa plagi zote sita. Mimina mafuta laini kidogo kila silinda, iache ilale. Kesho yake weka spana ndefu kwenye boliti ya puli ya mbele, izungushe kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Ikizunguka duara zima bila kugoma, una injini. Ikigoma, bado una kitu cha kumwambia mzee kuhusu bei.

Petroli ya kwenye tangi usiiguse, kwa sasa itakuwa gundi. Weka galoni pembeni yenye mpira wake. Na mipira yote ya mafuta badilisha, petroli ya leo ina ethanoli na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa hiyo, inayeyuka ndani inaziba kabureta.

La mwisho, breki. Gari za Marekani kabla ya toleo la 1967 nyingi zina masta silinda ya njia moja. Bomba moja likipasuka gurudumu moja, hakuna breki magurudumu yote manne. Iwe nzuri namna gani, usiiendeshe hata kwenda dukani kabla hujaweka ya njia mbili. Falcon ni ndugu wa Mustang kwa upande huo, spea zipo na si ghali.

Pesa Mbele

Uvira, mimi wa kupinga kila kitu leo naunga mkono. Ila 3,200 bila karatasi na kioo kina ufa ni nyingi. Kioo cha nyuma cha Ranchero si cha Falcon ya kawaida, utakitafuta. Mpe 2,000 mkononi, nyamaza, mwache yeye aongee.

Mwana wa Uvira

Aksanti sana, dada Sauda na wakubwa wote. Leo nilienda na ndoo.

Milango inafunga vizuri. Maji nilimwaga, upande wa abiria yote yalitoka nje. Upande wa dereva yalidondoka, si mengi, kama bomba lililofungwa vibaya. Mzee alikuwa ameinama na mimi anatazama, akasema "sikujua". Injini: nilitoa plagi, nikamimina mafuta, kesho nitarudi kuizungusha. Karatasi imepatikana! Ilikuwa ndani ya Biblia ya marehemu mke wake, jina ni lake yeye mzee, namba zinafanana zote. Nikamwambia 2,000 nikanyamaza kama Pesa Mbele alivyosema. Akanyamaza na yeye. Tukakaa hivyo mpaka mbwa akaanza kubweka. Akasema 2,400 na ataniongezea boksi la spea alizonunua zamani.

Mnyoosha Bodi

Chukua. Tundu la upande mmoja kwa bei hiyo, na karatasi mkononi, chukua. Usikodi fundi wa bodi bado. Piga picha chini ya dashibodi upande wa dereva uniletee hapa, nitakuambia kama ni bati la kukata au ni kuziba tu. Na usimwage kitu chochote cha kuziba juu yake kabla sijaona, maana vile vitu vinafunga maji ndani.

Lile boksi la spea nalo lipige picha kabla hujalifungasha. Wakulima hununua vitu viwiliviwili.

Mwana wa Uvira

Injini imezunguka! Kwa mkono, duara zima, ikakwama kidogo mara ya kwanza halafu ikaachia. Jumamosi naenda na tela ya rafiki. Matairi yote manne yamepasuka, hayashiki upepo kabisa. Rafiki yangu ana rimu na matairi ya Mustang ya 1966 ya V8, nimeambiwa humu kwamba Falcon na Mustang ni ndugu. Nibebe hizo tufunge tuiburute?

Sauda Spana

Hapana kaka, zitakuumbua shambani. Mustang ya V8 ina boliti tano kwa gurudumu. Falcon yako ya silinda sita ina boliti nne. Tafuta rimu za Mustang ya silinda sita ya miaka hiyohiyo, au za Falcon yoyote ya silinda sita. Na kabla ya kuburuta hakikisha breki hazijashikana kwenye ngoma, nyanyua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe. Likigoma, gonga ngoma kwa nyundo ya mpira pembeni, si katikati. Winchi, kamba nne za kufungia, na mbao za kupita kwenye udongo.

Mwana wa Uvira

Boliti nne. Nimemwona mtu Des Moines anauza mbili, natafuta mbili zingine kabla ya Ijumaa. Mwenye nazo karibu na Iowa aniandikie.